Mwinyi Aliyebakiwa na Jina

Wataliano tumeishi nao Malindi miaka mingi, na vijana wetu wengi wanakijua Kitaliano kuliko wanafunzi wa chuo. Sinema zao, hata hivyo, hatuzijui, na kuna moja ambayo ingetufaa sana. Ni "Divorzio all'italiana" ya mwongozaji Pietro Germi, iliyotoka mwaka 1961: kichekesho kuhusu Baroni Ferdinando Cefalù wa Sisilia, mwinyi ambaye mali ya ukoo wake imeliwa, akabaki na jina, jumba lililochakaa na wingi wa wakati.

Marcello Mastroianni anamwigiza kwa umakini mkubwa. Nywele zimepakwa mafuta hadi zinang'aa, masharubu yamechongwa, na pembe ya mdomo inamchezacheza kila anapofikiri jambo baya. Kazi hana. Anampenda Angela, binamu yake, lakini ana mke, Rosalia, na sheria ya Italia wakati huo haikuruhusu talaka. Iliruhusu jambo jingine. Kifungu cha 587 cha kanuni ya adhabu kilimpunguzia kifungo, kikawa miaka 3 hadi 7 tu, mume aliyemuua mkewe kwa hasira baada ya kumfumania. Basi baroni anaanza kumtafutia mkewe hawara.

Germi alikuwa amekusudia filamu ya majonzi. Akaona kwamba sheria yenyewe ni upuuzi kiasi kwamba machozi yangeipa heshima isiyostahili, akageukia kicheko. Ufundi wake uko hapa: anayesimulia ni baroni mwenyewe, kwa lugha ya kiungwana iliyopimwa, huku picha ikituonyesha kinyume chake. Tunasikia habari za heshima ya ukoo, tunachokiona ni mtu anayechungulia kupitia dirisha la chooni. Ndotoni anamchemsha mkewe kwenye pipa la sabuni, mara amrushe angani kwa roketi. Wahusika hawajui kwamba wamo kichekeshoni, na ndiyo maana mtazamaji anacheka. Mwaka 1963 muswada wake ulipata tuzo ya Oscar.

Sasa tuje kwetu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Malindi ilikuwa ghala la nafaka la pwani hii. Mtama na ufuta wa Malindi na Mambrui ulipakiwa majahazini kwenda Unguja na Uarabuni. Jasho lilikuwa la watumwa, na wengi wao walitoroka wakajenga makao yao huko Fuladoyo. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907, mamwinyi wa mashamba walibaki na ardhi pana isiyo na mikono ya kuilima, na madeni kwa wakopeshaji.

Mwaka mmoja baadaye serikali ya Kiingereza ikaleta sheria ya hati za ardhi. Familia za mashamba zikapata karatasi. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, wengi hawakupata kitu, wakawa maskwota kwenye udongo walioulima wenyewe. Hapo ndipo ubwana ulipopata maisha ya pili: shamba halimpi mwenyewe chakula, lakini hati inampa haki ya kumdai ijara anayelima.

Na kuna mnazi. Kwa desturi ya pwani, ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mti juu yake ukawa wa mwingine. Kwa hiyo mwenye shamba alimruhusu skwota kupanda mahindi na mihogo, lakini mnazi akamkataza, maana mnazi huishi miongo mingi na kila mwaka unaosimama ni ushahidi wa aliyeupanda. Hebu fikirieni mzee wa kanzu iliyotiwa rangi ya buluu ili weupe uonekane, anaamka alfajiri kukagua kama kuna mche umechomoza penye mahindi ya watu. Germi angemlipa mtu yeyote kwa tukio hilo.

Nasisitiza jambo moja kwa atakayeandika kichekesho kama hicho cha kwetu. Kumcheka mzee kwa sababu amefukarika ni ukatili, tena ni rahisi mno. Baroni wa Germi hachekeshi kwa umaskini wake. Anachekesha kwa sababu sheria imemwachia nguvu ya kuumiza wengine baada ya kila kitu kingine kumtoka, naye anaiita nguvu hiyo heshima. Kichekesho cha kaunti yetu ya Kilifi kilenge karatasi ile ya 1908 na vijiji vinavyoishi hadi leo kwa hofu ya kufurushwa.

Italia iliruhusu talaka mwaka 1970, na kifungu cha 587 kikafutwa mwaka 1981, miaka 20 baada ya filamu. Sidai kwamba sinema ndiyo iliyokifuta. Lakini nadhani ilikuwa vigumu kwa wakili kukisoma mbele ya hakimu bila watu kumkumbuka Mastroianni na mdomo wake. Sisi tuliokulia kwenye kichekesho cha runinga "Vioja Mahakamani" tunajua kucheka kizimbani. Muswada wa kwanza unaweza kuanza na kesi moja ya mnazi, msimulizi akiwa mwenye hati.