Matairi ya Foklifti Yataka Macho ya Kila Siku

Katika ghala za chai za Mombasa na katika gati za Kilindini, mizigo mingi hupangwa na gari fupi lenye vyuma viwili mbele, mfano wa vidole, ambalo watu huliita foklifti. Mtu alitazamapo huvutiwa na mlingoti wake upandao na mzigo, wala hayaangalii matairi. Lakini dereva wake, na kila mtu apitaye karibu nalo, yapasa ayajue matairi hayo, maana uzima wake umeyategemea.

Sababu ni hii. Lori lina springi, bali foklifti kwa kawaida haina. Kati ya chuma chake na sakafu hakuna kilicho laini ila tairi. Tena gari hili ni kama mizani: mzigo uko mbele, na chuma kizito kimewekwa nyuma ili lisipinduke. Basi mzigo uchukuliwapo, sehemu kubwa ya uzito wote huyalemea matairi mawili ya mbele.

Tuseme matairi hayo yameachana kwa mita 1, na moja limelika hata upande wake umeshuka sentimita 2. Ni jambo dogo, utasema. Lakini mzigo ukiinuliwa mita 4, kule juu utakuwa umeinama upande kwa sentimita 8. Hivyo ndivyo gari lianzavyo kupinduka.

Katika kuchagua, itazame kwanza sakafu. Tairi la mpira mtupu lililobanwa juu ya pete ya chuma hufaa ndani ya ghala lenye saruji laini. Nje penye kokoto au matope huteleza na kukatika. Tairi la upepo hufaa uwanja wenye mashimo, lakini msumari mmoja waweza kulitoboa. Lipo na la tatu, lenye umbo la tairi la upepo ila limejaa mpira ndani. Hilo halitoboki, nalo hufaa penye vipande vya vyuma na chupa. Lakini ni zito, na humtikisa dereva zaidi. Mahali pa vyakula, tairi jeusi huchafua sakafu. Hapo hutumiwa jeupe au la kijivu, ingawa hulika upesi. Na kabla ya kubadili aina, soma kibao cha gari na kitabu chake, kwa kuwa tairi jingine laweza kupunguza uzito ambao gari laweza kuuinua kwa salama.

Katika kutunza, dereva na alizunguke gari lake kila asubuhi kabla ya kuliwasha. Atafute misumari, mipasuko, vipande vilivyomeguka, na mahali palipolika kwa kufunga breki ghafula. Upepo upimwe tairi likiwa baridi. Mafuta yaliyomwagika sakafuni yafutwe, kwa sababu huozesha mpira. Matairi mengi yaliyojaa mpira yana mstari ubavuni. Mpira ukilika kufikia mstari huo, muda wake umekwisha. Nayo matairi mawili ya ekseli moja yabadilishwe pamoja, ili gari lisiegemee upande.

Hapa pana onyo kubwa. Magurudumu mengine ya upepo yana rimu ya vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Asiyekuwa fundi asiziguse nati hizo, na fundi naye atoe upepo wote kwanza. Tairi lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, na mjazaji asimame kando, kwani rimu ikifyatuka huua.

Dereva akiona kasoro iliyo hatari, asinyamaze kwa kuogopa kukemewa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa kazini. Naye msimamizi mwenye busara atalisimamisha gari mpaka fundi aje. Saa moja ya kungoja hulipika, lakini mtu aliyeangukiwa na mzigo halipiki. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.