Mbowe na kiti kilichobaki wazi Dodoma

Kwa miaka kumi, asubuhi ya Alhamisi bungeni Dodoma ilikuwa na mvuto wake. Ulikuwa wakati wa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani, Freeman Mbowe, alikuwa miongoni mwa waliosubiriwa kusikilizwa. Mizengo Pinda alimjibu, kisha Kassim Majaliwa. Mkulima mwenye redio shambani aliwasikia wakubwa wakiulizwa yale ambayo yeye asingepata pa kuyauliza.

Mbowe hakuokota nafasi ile. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Chadema mwaka 1992, akachaguliwa mbunge wa Hai mwaka 2000, na mwaka 2004 akawa mwenyekiti wa chama. Mwaka 2005 aliliacha jimbo, akagombea urais, akashika nafasi ya tatu kwa takriban asilimia 6 ya kura. Wengi wangekata tamaa. Yeye alirudi kujenga chama, na mwaka 2010 akarejea bungeni akiwa kiongozi wa upinzani.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Novemba 2018 alifutiwa dhamana, akakaa mahabusu Segerea zaidi ya siku mia moja. Juni 2020 alishambuliwa Dodoma, akavunjika mguu. Mwaka uliofuata alikamatwa Mwanza, akashtakiwa kwa ugaidi, na Machi 4, 2022 mashtaka yakafutwa. Siku hiyohiyo alikwenda Ikulu kuzungumza na Rais Samia Suluhu Hassan. Wapo waliomwona shujaa wa maridhiano, na wapo ndani ya chama chake waliosema amelegea.

Lawama nyingine zina uzito. Mwaka 2015 aliongoza chama kumpokea Edward Lowassa, mtu ambaye Chadema yenyewe ilikuwa imemnyooshea kidole kwa ufisadi. Lowassa akiwa mgombea, kura za urais za chama zilipanda hadi karibu asilimia 40, lakini Katibu Mkuu wake, Dk. Willibrod Slaa, aliondoka, na sauti ya chama dhidi ya rushwa ikapungua makali. Kukaa kwenye uenyekiti miaka ishirini pia kulikuwa kurefu mno kwa chama kinachodai mabadiliko.

Lakini Januari 2025, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa chama uliofanyika ukumbi wa Mlimani City, mpinzani wake Tundu Lissu alipata kura 513 na Mbowe 482. Tofauti ilikuwa kura 31 tu. Mbowe aliyakubali matokeo hata kabla hayajatangazwa rasmi, akampongeza mshindi. Katika siasa zetu, ambako anayeshindwa hukimbilia kuanzisha chama kingine, hilo ni somo.

Kiti alichokiacha Dodoma ndicho kinachopaswa kutuumiza. Baada ya uchaguzi wa 2020 wapinzani hawakufikia idadi inayotakiwa na Kanuni za Bunge kuunda Kambi Rasmi. Hapakuwa tena na bajeti mbadala, wala waziri kivuli wa kuipekua hoja ya Serikali kifungu kwa kifungu.

Unaweza kumpenda Mbowe au usimpende. Lakini kiti kile hakikuwa mali yake wala ya Chadema. Kilikuwa cha mwananchi mwenye swali, awe na kadi ya chama chochote au asiwe nayo. Tukidai kirudi kwa kura za haki, tunakidai kwa ajili yetu sote.