Kulivika Tembe Sura Yake

Ufikapo Tabora, pita Kwihara ulione tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Liliharibika, likajengwa upya. Leo kompyuta yaweza kuhifadhi sura ya nyumba kabla haijaanguka. Kwanza huchora umbo tupu kwa vipimo, kisha hulimulikia picha, mfano wa sinema ukutani, hata umbo likavaa rangi ya udongo na nakshi za mlango. Edwin Catmull alieleza mbinu ya kuyavika maumbo picha mwaka 1974. Lakini upande usiopigwa picha hauna vazi. Picha ya mbele ikilazimishwa ubavuni, huvutika na kupotoka. Basi, lizungukeni tembe la babu pamoja na watoto, mkapige picha kila ukuta, mvua haijaja.