Komite ya shule na mtoto mmoja mmoja

Katika makanisa yetu mengi shule iko karibu na hekalu, na wanaokaa katika komite yake ni watu tunaowafahamu: mchungaji, mwalimu, baba au mama waliochaguliwa na wazazi wenzao. Wakikutana, iwe hapa Makomeno, iwe Kalemie au Bukavu, wanazungumza habari ya paa, madawati na franka. Ni mambo ya lazima. Lakini mkutano unaweza kufungwa kwa sala bila mtu yeyote kutaja mtoto anayeketi nyuma, asiyesikia vizuri, ambaye wenzake wamekwisha kumwita mjinga.

Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, shule zetu ni za Serikali, na Kanisa ndilo linazisimamia. Ndani ya shule kuna Komite ya Wazazi (COPA) na Komite ya Usimamizi (COGES), ambamo wazazi wana wajumbe wao pamoja na mkuu wa shule na walimu. Mjumbe wa wazazi hana ruhusa ya kumfundisha mwalimu kazi, wala kubadili pointi za mtoto wa shemeji yake (hilo nalo tulitaje). Nguvu yake ni kuuliza, na kusema fedha kidogo zilizopo zitumike wapi.

Basi aulize nini? Tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa ya bure, Septemba 2019, madarasa yamejaa. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hivyo haoni kila mmoja. Komite inaweza kumwomba, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, awataje wale wanaokaza macho kusoma ubaoni, wasioitika wakiitwa kwa nyuma, waliokosa shule mara nyingi. Kumhamisha mtoto hadi dawati la mbele hakudai hata franka moja. Ila mkutano mkubwa wa wazazi si mahali pa kusoma majina hayo. Mzazi aitwe peke yake, kwa heshima, aelezwe na kusikilizwa, maana mara nyingi yeye alikwisha kuona na aliogopa kusema.

Jambo la lugha linatusahaulisha zaidi. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa kufundishia wadogo, na kwetu ni Kiswahili. Lakini mtoto wa Lubumbashi anasema nyumbani «batoto banakuya», na kitabu kinamwambia «watoto wanakuja». Mwingine nyumbani kwao wanasema Kiluba cha Kasai au Kibemba. Halafu Kifaransa kinaingia. Mtoto anayenyamaza darasani pengine anajua hesabu vizuri kabisa, ila maneno ya swali ndiyo yanamzuia. Kabla ya kukubali kwamba arudie mwaka, komite iulize: je, amewahi kuulizwa swali hilo kwa lugha anayoielewa? Kurudia darasa ni mwaka mzima wa maisha yake.

Kwa mtoto mwenye ulemavu, kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Shule isimwambie mzazi, «Huyu tafuteni kwingine.» Mahali pa kuanzia ni mlango na choo: je, anayetembea kwa magongo anaingia? Darasa lake linaweza kuwekwa chini badala ya ghorofani? Mafundi wako katika makanisa yetu, na kujenga njia ya mteremko ni kazi ya siku chache. Wasichana pia wanahitaji choo chenye mlango unaofungika na maji karibu. Pasipo hayo, wengine wanabaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi, na daftari linaandika tu kwamba hawakuja.

Kwa hiyo daftari la mahudhurio liletwe mezani katika kila mkutano, kabla ya hesabu za fedha. Kwa kila mtoto asiyeonekana juma zima, komite imchague mmoja wake aende nyumbani kwao kuwasalimu. Asiende kudai kitu. Aulize habari za mtoto, kisha amletee mwalimu jibu.