Baridi ya Baharini

Msomaji mpenzi, ukitoka Chang'ombe ukavuka daraja la Kurasini mpaka ufukwe wa Kigamboni, huenda ukamwona mpiga mbizi akitoka majini anatetemeka, meno yakigongana, na jua li utosini. Usimcheke.

Mwezi wa Agosti maji ya pwani yetu huwa na digrii 25 au 26 hivi. Mwili wa mtu una digrii 37. Tofauti yaonekana ndogo, lakini maji huunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa, yapata mara 25. Basi azamaye na mtungi wa hewa hupoa kidogo kidogo bila kujijua. Joto lake likishuka chini ya digrii 35, vidole hukataa kazi, na akili nayo huchelewa. Kule chini, hiyo ni hatari ya kufa.

Afanyeje? Avae vazi la mpira alilolibuni Hugh Bradner, mtaalamu wa fizikia wa Marekani, mwaka 1952. Wengi hudhani lazuia maji. La! Maji huingia kidogo. Joto hutunzwa na vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya mpira. Likipwaya, halifai kitu.

Akianza kutetemeka, apande, polepole kama alivyofundishwa. Ajikinge na upepo, avue nguo za maji, ajifute, anywe chai ya moto. Pombe asiiguse: huvuta damu kwenye ngozi, naye hudhani amepata joto, kumbe analipoteza.

Na mwanao aogeleaye mtoni wakati wa kipupwe, ukiona anatetemeka, mtoe vivyo hivyo, hata akililia kubaki.