Je, Wajua? Mwimbaji mmoja, chelo nane

Heitor Villa-Lobos, mtunzi wa Brazili aliyezaliwa Rio de Janeiro mwaka 1887, alianza kujifunza chelo, ala kubwa ya nyuzi, angali mdogo mno kuimudu. Baba yake akachukua viola, ambayo ni kubwa kidogo tu kuliko fidla, akaigeuza iwe chelo ya mtoto.

Ukubwani aliitungia ala hiyo kazi iliyompa jina kuliko zote: Bachianas Brasileiras namba 5, ya chelo nane na mwanamke mmoja wa sauti ya juu. Hakuna piano wala ngoma. Mwanzoni baadhi ya wapigaji hudonoa nyuzi kwa vidole, ukadhani ni magitaa ya wanamuziki wa choro, muziki wa mitaani wa Brazili, ambao Villa-Lobos mwenyewe alipiga nao mitaani Rio. Mwimbaji naye haanzi na maneno, ni “aa” tu. Maneno huja katikati, kisha humalizia kwa kuvumisha sauti midomo ikiwa imefumbwa. Hiyo ni sehemu ya kwanza, ya 1938. Ya pili ilingoja hadi 1945.

Umaarufu wa kazi hiyo umezifunika, bila haki, kwarteti 17 za nyuzi za Villa-Lobos, yaani kazi za ala nne za nyuzi. Anza na ya 5, ya mwaka 1931: imejaa nyimbo za watoto wa Brazili.