Neno "Ungwana" na Wasikilizaji Wake: Kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" katika Mazingira ya Majengo, Meru na Embu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kipindi kimoja cha redio kilivyoligusa neno moja la Kiswahili, na jinsi wasikilizaji wa kipindi hicho walivyoshiriki katika kuligeuza neno hilo. Kipindi chenyewe ni "Je, Huu ni Ungwana?", kilichoanzishwa mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya na kuongozwa na Leonard Mambo Mbotela kwa muda wa zaidi ya miaka 50. Mbotela alifariki dunia tarehe 7 Februari 2025, naye aliacha nyuma si kumbukumbu ya sauti tu, bali pia msemo ambao Wakenya wengi huutumia bila hata kukumbuka ulikotoka.

Kipindi hicho kilikuwa cha kihafidhina kwa maana halisi ya neno hilo: kilikusudia kuhifadhi. Shabaha yake ilikuwa adabu za kila siku, yaani mwenendo wa mgeni nyumbani mwa mwenyeji, wa jirani kwa jirani, wa mkopaji kwa aliyemkopesha, wa kijana mbele ya mzee. Hata hivyo, yafaa ionyeshwe kwamba katika kuhifadhi desturi, kipindi kilikamilisha badiliko kubwa la maana. Neno lililokuwa likitaja nasaba ya mtu lilithibitika kuwa neno la kupimia kitendo, na mwenye kupima akawa msikilizaji yeyote. Mazingira ya mitaa iitwayo Majengo katika miji ya Meru na Embu yatatumiwa kuwa kielelezo, kwa sababu ni mahali ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya ukoo mmoja, na swali la nani ana haki ya kumkosoa nani lilikuwa swali la maisha.

2. Majengo na lugha yake

Jina Majengo ni wingi wa jengo, kutokana na kitenzi jenga. Linapatikana Mombasa, na linapatikana pia katika miji mingi ya bara ya Kenya, ambako kwa kawaida lilitajia mtaa wa Waafrika waliotoka sehemu mbalimbali wakaishi kando ya mji wa serikali. Mtaa unaojulikana zaidi wa jina hilo ni ule wa Pumwani, Nairobi.

Boma la serikali ya kikoloni lilijengwa Embu mwaka 1906, na la Meru likafuata mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Popote boma lilipojengwa walikuja askari, makarani, wapagazi na wafanya biashara ndogo ndogo, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa Waislamu. Baadhi walitoka pwani, lakini wengine walikuwa watu wa bara walioingia katika maisha ya mji na katika dini hiyo. Ndipo neno Mswahili, katika vinywa vya watu wa mashambani, likaja kumaanisha mtu wa mjini aliye Mwislamu, hata kama babu yake hakupata kuiona bahari.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mtaa wa namna hii haukuwa na baraza moja la asili la kuwaonya watu wake. Wameru wanalo Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo heshima yake inajulikana kote nchini. Lakini mamlaka ya baraza hilo yamefungamana na mila na lugha ya Kimeru. Msikiti nao una mamlaka juu ya Waislamu. Je, Mkamba mwenye duka, Mwembu mwenye kuuza mboga na Mwislamu mwenye hoteli wakikosana adabu, wataonyana kwa lugha gani, na kwa kipimo cha nani? Haja ya kipimo cha pamoja ilikuwapo kabla ya redio kuja.

3. Historia fupi ya neno

Shina la neno ni -ungwana. Mtu ni muungwana au mwungwana, wingi waungwana, na dhana ni uungwana. Umbo ungwana, lililotumiwa katika jina la kipindi, limefupishwa kwa kuunganisha irabu mbili zinazofanana, jambo la kawaida katika matamshi ya Kiswahili.

Katika miji ya pwani, kama vile Lamu, muungwana alikuwa kwanza mtu huru wa kuzaliwa, kinyume cha mtumwa. Kwa kuwa watu huru wenye nasaba ndio waliojigamba kuwa na malezi bora, maana ya pili ikajengeka juu ya ile ya kwanza: mtu mwenye adabu, mstaarabu. Maana zote mbili zimo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Methali nazo zinaonyesha mvutano huo. Isemwapo kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama, bado anafikiriwa mtu wa tabaka fulani mwenye kujua kujisitiri. Lakini isemwapo kwamba muungwana ni kitendo, nasaba imekwisha kuwekwa kando.

Neno lilianza kusafiri mapema. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Zanzibar na mrima kwenda bara, wapagazi na walinzi walijiita Waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Mtu asiyehesabiwa kuwa muungwana Unguja aliweza kuwa muungwana mara alipofika Tabora au Ujiji. Jina la Kingwana, lililopewa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ni alama ya safari hiyo. Mkazi wa Majengo alikuwa katika hali iliyofanana na hiyo: kwa lugha yake, mavazi yake na maisha yake ya mjini, alijiona muungwana mbele ya mtu wa shamba, hata kama mtu wa pwani asingemkubali.

Hapa ndipo asili ya mtangazaji inapopata uzito. Mbotela alikuwa wa ukoo wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa katika miaka ya 1870 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ukoo huo ndio uliomtoa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934. Kwa kipimo cha zamani cha pwani, mzao wa Freretown asingekuwa na haki ya kuwauliza watu habari za ungwana. Yeye ndiye angeulizwa. Aliposimama mbele ya kipaza sauti cha taifa na kuuliza swali hilo kila juma, maana ya kale ilikuwa imevuliwa madaraka yake bila mtu yeyote kutangaza jambo hilo.

4. Umbo la swali

Nguvu ya kipindi haikuwa katika mada zake pekee. Ilikuwa pia katika umbo la sentensi iliyokipa jina. Sentensi hiyo ina sehemu nne: kiulizi je, kionyeshi huu, kitenzi kishirikishi ni, na nomino ungwana.

Kwanza, sentensi haina nafsi. Haisemi "wewe si muungwana", kauli ambayo katika mtaa wowote wa Majengo ingeweza kuleta ugomvi. Kinachoshtakiwa ni kitendo, na mtendaji hatajwi. Anapewa nafasi ya kujitambua mwenyewe na kujirekebisha bila kuvunjiwa heshima. Kwa namna hii swali lenyewe linatimiza adabu linayoidai.

Pili, kionyeshi huu kinafuata upatanisho wa ngeli ya u-. Hakionyeshi tendo lililofanywa, kwani hapo ingetazamiwa hili, kwa maana ya jambo hili. Kinaashiria ungwana wenyewe, kana kwamba mtendaji amedai kuwa alichofanya ni ungwana, na sasa dai lake linachunguzwa. Kejeli iliyomo ni ya upole, lakini ipo.

Tatu, jibu linalotarajiwa ni "la", ila halitamkwi ndani ya swali. Msikilizaji ndiye anayelitamka, kwa sauti au kimoyomoyo. Swali la balagha humfanya msikilizaji kuwa mshiriki wa hukumu. Asipojibu, sentensi haijatimia.

Yafaa iongezwe kwamba katika Kiswahili cha mazungumzo cha bara, upatanisho wa ngeli mara nyingi hupunguzwa, na hii husikika mahali pa huu au hiki. Lakini msemo wa kipindi hunukuliwa ukiwa mzima. Anayesema "hii maneno" katika soko la Meru anaweza kusema "huu ni ungwana?" bila kukosea. Lugha za Meru na Embu, zikiwa za Kibantu, zina mfumo wake wa ngeli, basi upatanisho si mgeni masikioni mwa wenyeji. Redio iliupeleka upatanisho sanifu mahali ambapo kitabu cha sarufi hakikufika.

5. Jamii ya wasikilizaji

Katika miaka ya 1960 na 1970 redio haikuwa chombo cha mtu mmoja. Ilisikilizwa dukani, hotelini, kibarazani na nyumbani kwa jirani mwenye nayo. Kwa sababu hiyo kila kipindi kilikuwa na mazungumzo mawili: lile la mtangazaji, na lile lililoanza baada yake miongoni mwa waliokaa pamoja. Kipindi kilichoishia kwa swali kilistahili zaidi mazungumzo ya pili. Wasikilizaji walibishana kama jambo lililotajwa lilikuwa kosa, na mara nyingine kama kosa hilo halikumhusu mmoja wao aliyekuwapo.

Ndiyo maana yafaa kuwaita jamii, wala si hadhira tu. Hadhira husikiliza, jamii huendelea kulitumia ililolisikia. Msemo ulihama ukaingia katika foleni, katika matatu, katika harusi na matanga. Aliyeutumia hakuhitaji kuwa mzee, wala mwenye mali, wala Mswahili wa kuzaliwa. Alihitaji kujua Kiswahili cha kutosha kuuliza. Katika mtaa wenye watu wa makabila mengi na dini zaidi ya moja, hilo halikuwa jambo dogo: kikapatikana kipimo ambacho hakikuwa cha Mmeru juu ya Mwembu, wala cha Mwislamu juu ya Mkristo.

6. Mipaka ya kipindi

Haifai sifa hizi zifunike upungufu uliokuwapo. Sauti ya Kenya ilikuwa chini ya serikali tangu mwaka 1964, na katika hali hiyo kuwahoji watawala hakukuwa sehemu ya kazi ya kipindi cha adabu. Swali lilielekezwa kwa jirani. Tarehe 1 Agosti 1982 Mbotela mwenyewe alilazimishwa na askari waasi kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kisa hicho kinatosha kuonyesha jinsi kipaza sauti cha taifa kilivyokuwa mali inayogombewa na wenye nguvu.

Tena, adabu inaweza kutumiwa kunyamazisha. Kijana anayedai haki yake, au mwanamke anayekataa kuonewa, aweza kuambiwa kwamba huo si ungwana. Lakini umbo la swali halimlindi mkubwa. Kwa kuwa linapima kitendo bila kutaja nafsi, kijana naye anaweza kumgeuzia mzee, na raia akamgeuzia chifu au mbunge. Msemo ulipotoka redioni, mwenye redio hakuweza tena kuamua uulizwe nani.

7. Wakati wa redio nyingi

Tangu utangazaji ulipofunguliwa kwa kampuni binafsi katika miaka ya 1990, hali imebadilika. Vipo sasa vituo vinavyotangaza kwa lugha za wenyeji, kama vile Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu na Kimbeere. Wasikilizaji hupiga simu na kutoa maoni yao papo hapo, na viongozi huhojiwa kwa ukali ambao zamani haukuwazika. Hili ni faida kwa lugha hizo na kwa demokrasia.

Lakini kuna jambo linaloweza kupotea. Mjadala wa adabu ukiendeshwa kwa Kimeru, Wameru ndio wanaosikizana. Ukiendeshwa kwa Kiembu, ni Waembu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na shule zimekifundisha kuwa somo la lazima tangu mfumo wa mwaka 1985. Hata hivyo, lugha ya taifa haidumishwi kwa sheria na mitihani peke yake. Huhitaji kazi ambayo hakuna lugha nyingine mtaani inayoweza kuifanya. Kuwawezesha majirani wasiotoka ukoo mmoja kuonyana bila kutukanana ni mojawapo ya kazi hizo.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba neno ungwana lilitoka katika nasaba, likapita katika misafara na mitaa ya bara, likafikishwa na redio kwenye maana ya kitendo kinachoweza kupimwa na yeyote. Mtangazaji alitoa swali, lakini wasikilizaji ndio walioipa maana mpya nguvu kwa kuitumia.

Watunga kamusi, basi, wanaoendelea kuiweka maana ya "mtu asiye mtumwa" mbele ya nyingine, wana sababu ya kihistoria ya kufanya hivyo, lakini wangefaa kuonyesha wazi kwamba ni maana ya kale. Walimu wa lugha nao wana kazi ya kukusanya misemo iliyozaliwa redioni kutoka katika mitaa kama Majengo, wakati waliokisikiliza kipindi tangu mwanzo wangali hai. Wazee hao ndio mashahidi wa jinsi neno la wachache lilivyokuwa la watu wote, na ushahidi wao haumo katika maktaba yoyote.